Maua ya Makaburini Uani Kwetu

Kwetu Ujiji yale maua madogo ya pinki yenye petali tano tunayaita maua ya makaburini, basi. Yanaota kwenye mchanga, yanaota kwenye ufa wa saruji, na mbuzi hawayagusi. Watu husema kuyaacha yaote uani ni kumtandikia Izraili mkeka.

Uani kwetu yamejaa chini ya dirisha la mama. Tangu apooze upande mmoja mimi ndiye mikono na miguu yake, na kusema kweli nimechoka. Bomba likikauka nachota maji ziwani, napandisha nayo kichwani, na kabla sijatua ndoo mama ananiuliza, "Maua umeyanywesha?" Haulizi kama mimi nimekula. Nayanywesha huku nimenuna.

Kila anayekuja kumjulia hali huyatupia jicho. Wiki iliyopita dada yake, mama mkubwa, uvumilivu ulimshinda, akanivuta pembeni.

"Mwanangu, mgonjwa ndani, kaburi nje? Yang'oe, mdogo wangu apate nafuu."

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Tena moyoni nilifurahi, maana kazi moja ingepungua. Nikainama, nikashika shina la kwanza.

"Acha!" Sauti ya mama ilitoka dirishani, nzito kwa ule ulimi wake uliolegea.

Tukaingia ndani. Akatueleza kwa shida, akipumzika kila baada ya maneno machache. Kabla sijazaliwa alifiwa na mtoto wake wa kwanza. Wanaume walimbeba, wakaenda, wakarudi wakanawa mikono. Wanawake kwetu hatuendi kuzika, na mpaka leo hajui mwanawe amelazwa upande gani. Baba alimwonea huruma, akamletea mche wa ua ulioota juu ya kile kikaburi. Mama akaupanda pale anapoweza kuuona akiamka.

Mama mkubwa akaketi kitandani kwa mdogo wake. Msiba aliujua, habari ya mche hakuijua.

"Nimeelewa, mama," nikasema. "Sitayang'oa."

"Hujaelewa. Siku yangu ikifika, na wewe utabaki humu ndani na wanawake wenzako. Utamtuma nani akuletee mche? Haya nakuwekea wewe."

Baba alishatangulia. Niliwapitisha akilini wanaume wote wa ukoo wetu, mmoja mmoja, nikakosa wa kumtuma.