Fundi Cherehani na Shujaa wa Kasi

Kuhusu mashujaa wa vitabu vya katuni, fundi cherehani hakutaka kusikia la mtu: mwamba ni yule wa kasi, anayeizunguka dunia kabla chai haijapoa. Kinyozi, jirani yake wa miaka nenda miaka rudi, alimpenda yule asiyeonekana.

"Mtu mzima na ndevu zake anajificha!" fundi alifoka. "Hiyo nayo ni nguvu?"

Mara mteja akapiga hodi. "Fundi, ile suruali uliyoniahidi mwezi uliopita?"

Kinyozi aligeuka. Kiti kilikuwa kitupu, gurudumu la cherehani bado likizunguka.

"Ametoka," alimwambia mteja. Kisha, kwa ncha ya kiatu, akakisukuma polepole kitabu cha yule shujaa asiyeonekana chini ya meza, alikojibanza fundi.