Watu Tisa wa Papa Augustin

Niliondoka Kisangani kwa sababu ya watu kumi na mmoja ambao hawajawahi kuwapo. Vijana wa hapa mjini walikuwa wanatengeneza filamu ya kisa cha kweli: mashua ilizama mtoni karibu na Yanonge, na mvuvi, Papa Augustin, akaopoa watu tisa. Mwongozaji aliona tisa ni wachache, akaandika ishirini. Papa akakataa jina lake litumike. Bila jina lake, hakuna filamu. Wakanituma mimi, mama muuza vitenge wa soko la Mangobo, kwa kuwa naijua kazi ya kupatana bei.

Saa kumi na mbili asubuhi, ndani ya mashua, nilihesabu abiria thelathini na wanne. Nikarudia: thelathini na watano. Mmoja alikuwa mgongoni kwa mama yake, amefunikwa gubigubi.

Yanonge, kabla ya adhuhuri. Papa alikuwa anashona wavu. Mkewe, Mama Béatrice, akanipa kwanga ya muhogo na liboke, samaki wa kupikwa ndani ya majani. Nikala kwanza, kwa kuwa anayepatana bei akiwa na njaa hushindwa.

“Papa, ishirini iko mingi, nakubali. Tufanye kumi na tano.”

“Tisa.”

“Bon, kumi na mbili, tumalize.”

Mama Béatrice akacheka. “Ongezeni ule mbuzi wa mashua, ikuwe kumi!”

“Mbuzi alitoka majini yeye mwenyewe,” alisema Papa.

Kisha akaweka wavu chini, akanigeukia. “Mama, watu haiko samaki. Ukiandika kumi, mama ya ule mutoto tulikosa kuopoa atakuja kuniuliza: wa kumi ni nani? Iko wapi? Nitamujibu nini?”

Nikatoa daftari. Nikamwomba anitajie wale tisa. Akawataja, kila mmoja na alivyomshika: huyu kwa shati, yule kwa nywele. Nikaandika, nikahesabu mara mbili.

Kurudi tulipanda dhidi ya mkondo, tukafika usiku. Mwongozaji akakunja uso. “Tisa? Mama, watazamaji watalala!”

“Soma,” nilimwambia, nikampa daftari.

Alisoma. Kwa yule aliyeokolewa amekumbatia sufuria ya mboga ya pondu, alicheka. Alipofika wa mwisho, alichukua kalamu. Akafuta ishirini, akaandika tisa.

Papa akakubali jina lake litumike, akatia sahihi. Maisha yangu yote nimepunguza na kuongeza. Sasa najua kuna hesabu isiyoguswa. Siku ya kupiga picha za filamu, mama wa yule mtoto alikuja, akakaa ukingoni, akawaangalia waigizaji wakitolewa majini mmoja mmoja. Hakuuliza wa kumi ni nani. Mwigizaji wa tisa alitetemeka kwa baridi ya kweli, na mama yule akainuka, akampelekea chai ya moto.