Mpishi Asiyepikiwa

Mkahawa wenyewe una milango miwili, mmoja wa wateja na mmoja wa moshi. Mimi niliingia kwa ule wa moshi, nikitafuta choo, na ndivyo nilivyokutana na Mama Kijiko. Alikuwa ameinamia sufuria kubwa kuliko beseni la kufulia, jicho moja amelifumba kwa sababu ya mvuke. Hakuniuliza nimefuata nini jikoni kwake. Aliniletea kijiko mdomoni kama mtu anayemnywesha mtoto dawa, akasema, "Onja. Chumvi vipi?"

"Imekaa."

"Haijakaa," akasema, akanyunyiza kidogo, akanisahau.

Nimekula katika miji mingi, na lugha nyingine nimejua kuombea chakula kabla sijajua kusalimia. Mchuzi ule wa nyama na viazi ulinishika. Niliposikia kwamba mpishi ana chumba cha kupangisha ghorofani kwake, nilihamia wiki hiyohiyo, nikijua nimeula.

Wapi! Nyumbani Mama Kijiko hakupika. Kinyozi hajinyoi. Jioni alirudi na hotpoti ya mabaki ya mkahawani, akatupakulia sisi wa nyumbani, na yeye akala amesimama, mgongo kwenye mlango wa jikoni, matonge mawili matatu huku akizungumza. Kazini ilikuwa vilevile. Alionja tangu kitunguu kilipoingia kwenye mafuta, na mpaka wateja wanaanza kujaa, yeye ameshashiba vijiko.

Siku yake ya mapumziko alivaa gauni la maua akaenda kula nje. Nilimsindikiza mara moja, kwenye mkahawa wa samaki wenye vitambaa vya meza. Hatujakaa vizuri, mpishi akatoka mbio ndani, anafuta mikono kwenye aproni.

"Mama, umetuheshimu kweli. Hebu njoo kidogo tu uonje, kuna kitu hakijanikalia sawa."

Akaenda. Nikala samaki wangu peke yangu. Aliporudi alikuwa na masizi shavuni, na samaki wake amepoa.

"Kila mahali ndiyo hivi?" nilimuuliza.

"Kila mahali. Mji mzima huu hakuna wa kuniwekea sahani mbele akaenda zake." Alimgeuza samaki upande wa pili, asimle. "Mimi nataka kitu kimoja tu. Nikae, niletewe chakula mtu alichonipikia mimi, nile. Hata kiwe kibaya."

Tumaini lake lilikuwa kwa mkwe. Mwanawe, fundi wa majokofu, alikuwa ameoa miezi michache tu iliyopita. Mke ni mshona mapazia, mwepesi wa kucheka, ncha za vidole zimejaa alama za sindano. Alifagia, alifua, alipanga nyumba ikapangika. Ila jikoni hakuingia isipokuwa kuchemsha maji. Leo ana mapazia ya hoteli yanasubiriwa, kesho kichwa kinamgonga. Mama Kijiko hakuuliza. Mama mkwe mwenye heshima zake haombi chakula.

Basi asubuhi moja, tukiwa kwenye chai, mkwe akasema huku akiangalia makombo ya mkate, "Mama, leo usibebe hotpoti. Leo napika mimi."

Mama Kijiko akakiweka kikombe chini polepole. "Unapika nini, mwanangu?"

"Mchuzi wa nyama. Na wali."

Nilipopita mkahawani alasiri, hapakuwa na mtu ambaye hajaambiwa. "Leo napikiwa!" alimtangazia muuza nyama.

"Uzee huo, Mama. Ukiona unapikiwa, ujue meno yameanza kuhesabika."

"Meno yangu yangekuwa mabovu yangekwisha zamani, kwa nyama unazoniletea wewe!"

Wakati wanacheka, kwenye mlango wa moshi akatokea mhudumu wa mkahawa wa stesheni, ameshika ndoo ya mfuniko. Hapa lazima nieleze utaratibu wao. Mikahawa ya mtaa ule husemana vibaya mchana kutwa. Mama Kijiko mwenyewe aliwaapia wateja kwamba mchuzi wa stesheni ni maji waliyooshea nyama. Lakini mmoja akiishiwa kabla ya jioni, hafungi wala hatangazi. Hutuma ndoo kwa mpinzani wake, kwa mlango wa nyuma, na mpinzani humjazia. Kesho ni zamu ya mwingine. Wateja hawajui, wala hawapaswi kujua.

"Mama, tumekwisha," mhudumu akanong'ona. "Mabasi yameingia yote kwa pamoja."

"Lete hiyo ndoo. Na mkawaambie wateja wenu ni mkono wa nani."

"Tutawaambia siku ya kiyama, Mama."

Akamjazia hadi shingoni, akavua aproni mapema, akaenda nyumbani kuoga.

Niliitwa chini jua lilipokuwa linazama. Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa kilichoshonwa kwa vipande vya mapazia, pindo limenyooka kama limepigwa rula. Fundi wa majokofu amevaa shati safi. Mama Kijiko yuko kwenye kiti cha katikati, ndani ya gauni la maua, na mikono yake hajui aiweke wapi. Mara mapajani, mara mezani, mara anaweka sawa uma ambao uko sawa. Mkwe alipakua. Alianza na mama, akamjazia sahani, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Mama Kijiko akala tonge la kwanza. Akaacha kutafuna. Akamtazama mkwe, akaitazama sahani, kisha akaendelea kula, taratibu.

Mwanawe ndiye aliyeshindwa kunyamaza. "Mke wangu! Wewe ulikuwa unatuficha! Mama, samahani sana, lakini leo umepitwa."

"Nimepitwa?"

"Umeachwa mbali! Huu ndio mchuzi. Wako una harufu ya kazi. Huu una mapenzi ndani."

Mama Kijiko akapaliwa. Mkwe akaruka kumletea maji, uso umemshuka. Mimi nami nilikuwa nimeonja, nikaona bora niendelee kuangalia wali wangu.

"Kitunguu saumu kimezidi," Mama Kijiko alisema alipopata pumzi.

"Nisamehe, mama. Nitapunguza."

"Hutapunguza wewe, mwanangu. Nitapunguza mimi."

Fundi wa majokofu alikuwa bado anatabasamu, peke yake. Mkwe alielewa mara moja. Akaweka viganja vyote viwili usoni.

"Nilikwenda stesheni," alisema kupitia vidole. "Nilienda mbali makusudi. Nilisema huko huendi, mchuzi wao huujui."

"Mchuzi wao siujui kweli. Huu niliwapakulia mwenyewe leo, ndoo nzima."

Hapo ndipo mwanawe alipoacha kutabasamu, na Mama Kijiko akaanza kucheka, cheko lililomtoa machozi na kuitikisa meza. "Ati una mapenzi ndani! Mtoto niliyemzaa mwenyewe! Kumbe ningekuwekea kwenye bakuli la mkeo tangu zamani!" Akajifuta macho kwa kiganja. Kisha akaisogeza sahani yake kidogo, akaitazama vizuri. "Lakini saumu imezidi kweli. Miaka yote naonja kijiko, kijiko. Kwenye kijiko ni tamu. Ukila sahani nzima, ukifika katikati, inakukaba. Na watu wanakula wananyamaza tu."

Mkwe hakucheka. "Nani wa kukupikia wewe, mama? Hata mama yangu mzazi aliniambia, fanya yote, usithubutu kumwekea yule chakula chako."

Kicheko kilimtoka Mama Kijiko usoni. Kwa mara ya kwanza niliona umri wake.

"Yaani nimekuwa simba nyumbani kwangu," alisema. "Haya niambie. Kwenu ulikuwa unapika nini?"

"Mayai tu. Mayai na viazi."

"Nenda kapike."

"Sasa hivi?"

"Mimi sijala. Nimeonja."

Mkwe akamtazama mumewe, mumewe akainua mabega, naye akaingia jikoni akafunga mlango. Tukasikia kisu, kisha mafuta. Mafuta yakaanza kupiga kelele. Mama Kijiko akanyanyuka nusu.

"Moto mkubwa. Vitaungua nje, ndani vibichi."

"Kaa, mama," mwanawe akamwambia.

"Nimwambie tu apunguze."

"Mama. Kaa."

Akakaa. Akaikalia mikono yake kwelikweli, viganja chini ya mapaja, na akavumilia kila mlio uliotoka mle ndani kama mtu anayesafishwa kidonda. Kitu kilianguka; akafumba macho. Harufu ya kuungua ikaja, akauma mdomo.

Sahani ilipokuja, viazi vilikuwa vyeusi upande mmoja na vyeupe upande wa pili, na yai moja lilikuwa limepasuka likajisambaza kama ramani. Mkwe akaiweka mezani, na safari hii hakukaa. Alirudi jikoni, akaanza kuosha kikaango, mgongo kwetu.

Mama Kijiko alikula. Hakuonja, alikula, akakata mkate, akachovya kwenye kiini, akavua viatu chini ya meza bila kuacha kutafuna. Kiazi kibichi kilipomlilia menoni, mwanawe alitaka kusema kitu, mama yake akampiga teke la mguu mtupu. Akaifuta sahani kwa kipande cha mwisho cha mkate mpaka ikang'aa.

"Mama, niambie ukweli," mkwe akauliza kutoka jikoni, bila kugeuka.

"Ukweli kesho. Leo nakula. Vimebaki?"

"Vimebaki kidogo, vile vilivyoungua sana."

"Lete. Na chai."

"Sukari kiasi gani, mama?"

Mama Kijiko akaegemea kiti, akanyoosha miguu hadi upande wangu wa meza.

"Utakavyoona wewe," alisema.