Nilivyotangaza kifo cha Lado redioni Juba bila kutaja jina la baba yake

Wakuu, salaam kwenu. Haya yalinipata mwenyewe, sitaongeza chumvi.

Nilitangaza redioni Juba miaka mingi. Nilianza miaka ya sabini, vita vilipotulia, sisi tuliokuwa tumekimbilia Uganda tukarudi nyumbani. Pamoja na habari nilikuwa nasoma matangazo ya vifo.

Siku moja nikaletewa karatasi kutoka hospitali: jina la marehemu, kazi yake, jina la baba, kijiji. Dakika zilikuwa zimebana, nikafupisha. Nikasema, "Lado, fundi matofali, amefariki. Ndugu wafike hospitali."

Sasa kwetu Wabari majina hufuata zamu ya kuzaliwa. Kina Lado ni wengi mno. Nilijua hilo, na bado nilifupisha.

Kesho yake asubuhi akaja mama mmoja pale studio, miguu vumbi tupu, kichwa amenyoa kwa msiba.

"Ya weledi," akaniita mwanawe kwa Kiarabu cha Juba, "mtoto wangu mmemweka wapi?"

"Mama, baba yake Lado ni nani?"

"Wani."

Nikatazama karatasi. Baba wa marehemu aliitwa Pitia.

Nikamchukua hadi mtaa wa Atlabara, pale mwanawe alipokuwa akifyatua matofali. Lado wake alikuwa anakanyaga udongo, mzima kabisa. Mama alikaa palepale kwenye tope, akashika mguu wa kijana.

Nilirudi kazini mwepesi. Nikajiona nimesahihisha.

Siku ya tatu akaja mama mwingine, kutoka ng'ambo ya mto. Huyu ndiye wa marehemu. Hospitali walishamzika kijana, kwa kuwa hakuna ndugu aliyefika.

"Nilikusikia," akaniambia. "Nikasema Lado ni wengi, wangu mzima. Leo ndiyo nimeambiwa na mtu wa sokoni."

Nilianza kuomba msamaha. Akanikatiza.

"Jina la baba yake lilikuwa zito kiasi gani mdomoni mwako?"

Nilimpeleka kaburini. Udongo ulikuwa bado mbichi. Alilainisha kwa viganja, taratibu, kama anamtandikia mtoto. Mimi nikasimama nyuma yake, kofia mkononi.

Tangu siku hiyo nilisoma jina lote, la baba, la mama, na kijiji. Bosi alilalamika kwamba nakula muda wa habari. Nikamwambia, "Bosi, hii ndiyo habari."

Wakuu, nilichojifunza: unachokifupisha wewe, kwa mwenzako kinaweza kuwa ndicho chote.

Yule mama sikumwona tena. Nyinyi mngemjibu nini? Nawasoma hapa chini.