Tulivyokwenda Susuni Kupima Zebaki

Niliondoka Mwanza kwa sababu Dokta Kajuna, mkuu wangu wa maabara, alitaka picha. Kifaa chetu cha kupima zebaki majini kilikuwa tayari, lakini wafadhili walipenda kukiona kikiwa kijijini, na pembeni yake wananchi wenye shukrani. Mimi ndiye niliyejua kukiendesha, kwa hiyo nikapakiwa pamoja na mizigo.

Njiani kuelekea Tarime Dokta alifanya mazoezi ya hotuba. Kifaa chenyewe hakina maneno mengi. Kina ncha ya dhahabu iliyopakwa peptidi, vipande vifupi vya protini vinavyonasa zebaki hata ikiwa chembe tu ndani ya maji. Ikinaswa, mkondo wa umeme hubadilika, na simu iliyounganishwa nacho huonyesha kiasi.

Susuni tulipokewa na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Marwa. Dokta akahutubia, kisha akachovya ncha kwenye maji ya chupa tuliyonunua Tarime mjini. Yakaonekana safi. Watu wakapiga makofi, picha zikapigwa, naye akaanza kufunga begi. Tulikuwa tumesafiri mkoa hadi mkoa kuthibitisha kwamba maji ya dukani hayana zebaki.

Mama mmoja, Ghati, akaja na jagi.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Haya ni ya kisima chetu. Huko juu wanaosha dhahabu kwa zebaki. Pima na haya."

"Muda umekwisha, mama," Dokta akasema.

"Mmekuja kupima maji au kupima chupa?"

Mzee Marwa akacheka, na Dokta hakuwa na pa kukimbilia. Nikapima. Zebaki ilikuwemo, juu ya kiwango kinachoruhusiwa. Nikajaza kichupa cha sampuli, nikabadilisha ncha, nikarudia. Jibu lilikuwa lile lile.

Dokta akaniinamia sikioni. "Usiwaambie. Matokeo hutolewa kwenye warsha."

Mama Ghati alikuwa akinitazama. "Mwanangu, tunywe au tusinywe?"

"Msinywe, mama. Tutahakikisha kwa mashine kubwa ya maabara, lakini kwa sasa msinywe."

"Nikichemsha?"

"Kuchemsha hakuondoi zebaki."

Mama Ghati akayamwaga palepale, akamwambia mwenyekiti kisima kifungwe. Jioni ile kilizibwa kwa miiba, na wanawake wakaanza kwenda kwenye chemchemi ya mbali.

Kesho yake tulipima Kisaka, upande wa Serengeti; maji yalikuwa salama, na Dokta akarudiwa na tabasamu. Tuliporudi Mwanza, mashine kubwa ilithibitisha jibu la Susuni.

Kwenye warsha ya wafadhili, grafu ya maji ya jagi la Mama Ghati ndiyo iliyosifiwa. Mgeni mmoja akauliza kama wanakijiji wameambiwa. Dokta akajibu kwamba utaratibu wa kuwajulisha unaendelea.

Nikasimama. "Walijua siku ile ile," nikasema. "Kisima wamekifunga wenyewe."

Nilichojifunza ni kwamba peptidi hunasa zebaki kwa dakika chache. Ukweli ukishanaswa na wakubwa, kuutoa ni kazi nyingine.