Kibano Nimekifunga Kwenye Pindo la Khanga

Dada wa ukurasa huu na wasomaji wenzangu wote, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo? Sisi huku Mkonze tunaendelea. Baba watoto hajambo, ila mgongo unamsumbua tangu palizi. Mama mkwe wangu hajambo, haoni tena lakini kila asubuhi ndiye wa kwanza kutuamkia "mbukwa". Binti yangu aliyeolewa Zuzu hajambo na kichanga chake. Kitinda mimba wangu hajambo, yuko shuleni. Amebaki kijana wangu wa katikati. Yeye nikisema hajambo nitakuwa nadanganya, na kudanganya ndiko kumenileta kwenu. Jina langu naomba mlifiche.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, shule niliishia darasa la tatu, mwandiko wangu mnivumilie. Huyu kijana ana miaka ishirini na miwili. Tangu biashara zifunguliwe na watu binafsi waanze kununua malori, amekuwa tandiboi pale Kizota, kupakia magunia na kutia mawe chini ya matairi. Tajiri wake ni mzee mmoja wa Kondoa, anasafirisha mahindi na alizeti. Amempenda mwanangu mpaka akasema atamlipia chuo cha udereva wa malori. Akaja mwenyewe nyumbani, akakaa kwenye kigoda changu. "Mama, kwanza akapimwe macho. Vyeti vya kununua navijua, sivitaki. Nenda naye wewe. Mama mzazi hawezi kunidanganya." Nikamwambia, "Hewala, baba."

Sasa jamani, mwanangu ana vikope. Wa huku mnaujua ugonjwa huo. Kope zinageukia ndani, zinakwaruza jicho, macho yanatoka machozi kutwa nzima. Ndio uliompofusha mama mkwe wangu. Kwetu kila mama ana kibano chake, tunang'oana kope moja moja juani, mtu anapata nafuu, halafu zinaota tena, ngumu kama mabua. Mwanangu nimemng'oa tangu akiwa mdogo. Asubuhi ya kwenda kupimwa nikamlaza kichwa mapajani nikamng'oa zote, akawa anacheka huku machozi yanamtoka. "Mama, leo umeninyonyoa kama kuku wa Krismasi!" Macho yakatulia, yakawa meupe. Nikajiona nimemsaidia.

Hospitalini tulipanga foleni kwenye benchi. Mbele yetu alikuwepo mama mwenzangu na katoto kake, macho yamejaa tongotongo na nzi. Daktari akamwambia mbele yetu sote, "Mama, mtoto ananawishwa uso kila siku. Haya macho ni ya uchafu wa nyumbani." Benchi zima likamgeukia. Wawili wa mjini wakabana pua wakacheka. Yule mama akajifunika khanga usoni. Mimi nikaona ni mimi nimejifunika. Maji tulikuwa tunayafuata mbali, ndoo kichwani, watoto watatu, na ng'ombe nao wanataka kunywa. Nyuso za wanangu niliziacha mara nyingi bila kuzinawisha. Nani angenielewa pale?

Ikafika zamu yetu. Kijana akasoma herufi za ukutani, chache za chini zikamshinda, lakini daktari akasema si mbaya. Kisha akamvuta kope akatazama. "Umewahi kung'olewa kope? Kama ndiyo, tunakupasua kwanza zigeuke nje, upone, ndipo urudi upimwe." Mwanangu akanitazama mimi. Nikasema, "Hapana, daktari. Ni vumbi tu la barabarani." Cheti kikagongwa muhuri.

Mtadhani nilidanganya ili mtoto asikose chuo. Hata yeye anadhani hivyo, akanishukuru njia nzima. Ukweli ni kwamba niliogopa lile benchi. Nimeyauza macho ya mwanangu ili watu wasiniite mchafu.

Jumapili iliyopita alinipakia kwenye baiskeli tukamwone dada yake Zuzu. Njiani upepo ukaleta vumbi, akafumba macho, nikasikia tunayumba, na lori linakuja mbele yetu linapiga honi. Tukaishia kwenye miiba. Akainuka anajipangusa, anacheka. "Pole mama, breki hizi zimekwisha." Nikamwambia, "Breki zipo, baba. Macho ndiyo hayakuwepo." Akaacha kucheka. Akaniambia polepole, "Basi tukifika nyumbani uning'oe tena. Jumatatu ijayo naanza chuo."

Sijamng'oa. Nimemwambia kibano kimepotea. Amepekua nyumba nzima, amekung'uta hata godoro la bibi yake. Bibi kipofu akamwambia, "Mjukuu wangu, hata mimi wakati nang'olewa nilikuwa naona vizuri." Akatoka nje. Tajiri naye akipita anapiga honi, "Mama dereva!" Mimi najificha jikoni.

Nikimwambia tajiri, atachukua kijana mwingine, wako tele Kizota, na mwanangu atajua kwa nini hasa nilidanganya. Nikinyamaza, iko siku atakuwa na lori zima la magunia, vumbi litavuma, na mbele yake kutakuwa na mama mwingine amepakiwa kwenye baiskeli. Na hospitali kuna daktari yule yule na benchi lile lile.

Nishaurini, wazazi wenzangu. Nianze kwa nani, kwa tajiri, kwa daktari, au kwa mwanangu mwenyewe? Na nianze na neno gani? Msisubiri ukurasa ujae, nijibuni upesi. Kibano kiko hapa kwenye pindo la khanga yangu ninapoandika, na sasa hivi namsikia uani anamwita mke wa jirani, anamwomba amwazime cha kwake.