Inzi Kichwani mwa Karai Policarpo

Anayetaka kumjua Ña Nicasia, yaani Bi Nicasia, asianzie kwenye mtambo wake wa mafuta, ingawa ndio uliomlea. Aanzie kwa karani wa sensa. Mwaka ule karani alipofika Potrero Apepu na makaratasi yake, Ña Nicasia alimkalisha kivulini, akampa kitu cha baridi anywe, kisha akamwambia bila kutikisa nyusi kwamba ana waume kumi na mmoja, ila anayefanya kazi ni mmoja tu. Karani akaandika. Alikuwa amefika kwenye jina la saba alipomwona Anastacio, mume wa pekee, amejibanza nyuma ya pipa akishika mbavu kwa kicheko.

Sasa Anastacio ni marehemu, huu mwaka wa nane. Mabinti wawili wako Buenos Aires, wanapiga simu kila Jumapili kumuuliza mama yao kama anapumzika, naye anawaambia ndiyo, huku ameshika panga. Ana miaka sitini na mitatu, na utundu haujampungua hata kidogo. Juzi juzi tu alipiga simu redioni akatangaza kwamba ng'ombe wa jirani yake, Karai Policarpo, yaani Bwana Policarpo, amezaa ndama mwenye mikia miwili. Watu walimiminika wiki nzima. Maskini Policarpo aliishia kuwapa maji ya kunywa na kuwaomba radhi kwa sababu ndama ana mkia mmoja.

Riziki yake ni majani. Anakata majani ya midanzi, ile michungwa michungu, anayashindilia kwenye chungu kikubwa cha chuma, anawasha kuni, na mvuke unapita kwenye bomba lililozama kwenye maji baridi mpaka unadondoka ukiwa mafuta. Kapu kwa kapu la majani linakwenda, na kinachotoka ni kikombe. Watengeneza manukato wa ng'ambo wanayataka mafuta hayo kuliko anavyoelewa yeye, maana kwake yeye yananuka kazi.

Shida ni kwamba nchi ile ina mwingine anayeishi kwa majani. Sisimizi wakata-majani wanaupanda mdanzi jioni, na asubuhi umebaki vijiti. Wala hawayali. Wanayabeba chini ya ardhi, wanayasaga, wanaoteshea ukungu, na huo ukungu ndio chakula chao. Ña Nicasia alipoelezwa hivyo alisema, kumbe wao na yeye ni wa kazi moja, na watu wa kazi moja hawapendani.

Dawa ya sisimizi ipo, kila duka linauza. Lakini wanunuzi wa mafuta yake hawataki hata harufu ya sumu. Kila mwezi wa nane mkaguzi wao anakuja, anajaza kichupa, anakipeleka mji mkuu, Asunción, kupimwa. Ikionekana chembe tu ya sumu, jina lako linafutwa miaka mitatu. Yalimpata binamu yake, Teófila, na leo ndani ya mtambo wa Teófila kuku wanataga.

Na kichuguu chenyewe, kikubwa kama chumba cha kulala, hakikuwa kwake. Kilikuwa hatua kumi ng'ambo ya ua, kwenye shamba la Karai Policarpo. Sisimizi walilala kwa mwanamume na kula kwa mwanamke, na kijiji kilikuwa na mengi ya kusema kuhusu mpango huo.

Policarpo alikuwa mgane wa miaka sitini na saba, mtu wa maneno machache, mwenye bomba la manjano la kupulizia unga wa sumu. Bomba hilo alikatazwa kulitumia na mkewe Brígida, kwa sababu upepo wa pale unavuma kuelekea kwa Nicasia, na Brígida na Nicasia walikuwa chanda na pete. Lakini Brígida alifariki, na mwezi wa sita sisimizi wakayanyoa mawaridi yake yote kwa usiku mmoja. Asubuhi yake Policarpo alikuja uani.

"Jumamosi ya wiki ijayo napuliza," akasema.

"Utaninyonga, jirani. Upepo utaleta unga wote kwenye majani yangu."

"Wamemaliza mawaridi ya Brígida."

Ña Nicasia alivua aproni akatafuta nauli. Alipanda basi siku hiyo hiyo hadi ofisi ya kilimo ya Santaní, kwa Injinia Mirna, binti mwembamba anayevaa kofia ya baba yake. Kumbe Mirna naye alikuwa anatafuta kichuguu cha kujaribia inzi wake.

Inzi wenyewe wadogo, ungewamwaga mezani ungedhani ni pilipili manga. Jike anaelea juu ya msafara wa sisimizi, anachagua mmoja, anamshukia na kumtaga yai. Yai linakuwa funza, funza anakula kichwa kwa ndani taratibu, na mwisho kichwa kinadondoka.

"Hawatawamaliza, Ña Nicasia, nisikudanganye," Mirna alisema. "Kinachofanya kazi ni hofu. Sisimizi akimwona huyu anatupa jani anakimbia nyumbani."

"Hofu inatosha. Mimi mwenyewe nimeongoza nyumba kwa hofu."

Mirna alileta masanduku yake, akafungulia inzi karibu na msafara, na Ña Nicasia akapewa kazi. Kila siku, saa ya usingizi wa mchana, wakati kijiji kizima kimejilaza, akae kwenye kigoda karibu na ua, ahesabu majani yanayopita mbele ya kijiti, na afyonze inzi wachache kwenye chupa ili Mirna awatambue. Chupa ilikuwa na mirija miwili. Mmoja unauelekeza kwa inzi, mwingine unautia mdomoni unavuta. Katikati kuna kitambaa chepesi, ili inzi aishie kwenye chupa na sio kooni. Alhamisi kuku alikidonoa kitambaa kile akakichana. Ña Nicasia alikusudia kukishona. Ijumaa, kitambaa kikiwa bado kimechanika, alifyonza kwa pumzi fupi fupi, kwa uangalifu, akawapata sita.

Policarpo aliposimuliwa habari za inzi aliuliza kama watu wanasoma miaka mingi kwa ajili ya hilo. Ijumaa hiyo hiyo, siku moja kabla ya ahadi, akatokea uani na bomba la manjano kifuani. Alisema upepo umetulia, heri apulize leo.

Ña Nicasia akasimama kwa haraka, na mguu ulikuwa umekufa ganzi. Akayumba. Ili ashike mti wa ua akampa jirani chupa amshikie.

Hapa inabidi msomaji aelewe watu wale. Toka wanaota meno wanakunywa tereré, majani ya yerba kwenye pembe ya ng'ombe, yamelowekwa kwa maji ya barafu, yananywewa kwa mrija wa chuma, na pembe inazunguka mkono kwa mkono. Mtu akikunyooshea chombo chenye mrija juu ya ua, mchana, kwenye joto, huulizi. Unatia mdomo, unavuta mpaka mrija ukorome, unarudisha. Policarpo alikuwa amefanya hivyo kwa miaka sitini na zaidi. Akatia mdomo, akavuta kwa nguvu zake zote.

"Haina maji," akasema, akimeza mate. "Na yerba yako ina vumbi."

Ña Nicasia aliitazama chupa. Ilikuwa tupu.

Mwanamke mwingine angecheka, akaleta maji, yakaisha. Yeye aliliona bomba la manjano, akaona midanzi yake inavyong'aa nyuma yake, akaona kuku wa Teófila ndani ya mtambo. Uso wake ukawa wa muuguzi.

"Jirani, hebu kaa chini."

"Kuna nini?"

"Umemeza sita."

"Sita nini?"

"Inzi wa injinia. Wale wanaotaga kichwani."

"Kichwani kwa nani?"

"Kwa sisimizi. Mpaka jana."

Policarpo alivua kofia, akajishika utosi, akairudisha kofia polepole. "Kisha?"

"Kisha kichwa kinadondoka."

"Baada ya muda gani?"

Ña Nicasia akapiga hesabu upesi. Wiki nne mpaka mkaguzi aje, mbili za kungoja majibu. "Sisimizi ni wiki mbili. Ila wewe una kichwa kikubwa, jirani. Tuseme sita."

"Dawa?"

"Hakuna. Kitu kimoja tu nilichosikia. Wakinusa sumu wanapandwa na wazimu, wanatafuna upesi upesi."

Policarpo alimtazama zaidi ya Ña Nicasia alivyotegemea, kiasi kwamba aliuma shavu kwa ndani asije akaharibu kazi. Kisha mzee alifungua mikanda ya bomba, akalivusha juu ya ua, akalitua upande wa Nicasia.

"Likae kwako, basi."

"Na wewe uje kila siku saa hii nikukague."

Ndivyo ilivyoanza. Kila mchana Karai Policarpo alikuja na kigoda chake, akavua kofia, akainamisha kichwa. Ña Nicasia aligonga kwa kidole, akaweka sikio, akaguna kama daktari.

"Unasikia nini?" Policarpo aliuliza siku ya tatu.

"Mwangwi. Hofu yangu ni kwa funza, jirani. Atakufa njaa humo."

"Mwambie amwendee mwenye ulimi. Huko atashiba."

Akishakaguliwa hakuondoka. Walikunywa tereré, ya kweli. Akaanza kumsaidia kuhesabu, kisha akawa hamwamini, anahesabu upya. Wiki ya kwanza yalipita majani mia na arobaini kwa kila hesabu. Wiki ya tatu, hamsini. Inzi wakitokea, msafara ulivurugika, majani yakatupwa njiani. Sisimizi wadogo walikuwa wamepanda juu ya majani yanayobebwa, miguu hewani, wakimlinda mbebaji. Policarpo angeweza kuwatazama hao saa nzima.

"Tazama kale," alisema. "Kanapigana na ndege kakiwa juu ya gari."

Kijiji kiliamka usingizini na kuchungulia madirishani. Yasemwayo yalisemwa. Ña Nicasia hakujali, lakini kulikuwa na jambo lililoanza kumuwasha. Wiki ya pili Policarpo alimwambia ameandika wosia, fahali amemwachia mpwawe, na mawaridi ya Brígida amemwachia yeye Nicasia, kama yatachipua. Wiki ya tatu akasema amepita kwa seremala.

"Kufanya nini?"

"Jeneza. Nimemwambia alipunguze urefu, maana kichwa kitakuwa kimeshatoka."

Ña Nicasia aliingia jikoni, akaziba mdomo kwa aproni akacheka mpaka machozi, na alipomaliza kucheka machozi hayakukoma. Alijiona mwovu. Mtu mzima, mgane, anajipimia jeneza kwa ajili ya mzaha wake. Mara tatu alitoka jikoni ameshaamua kukiri. Mara tatu aliyaona mapipa ya mafuta chini ya paa akafunga mdomo. Mkaguzi kwanza, alijiambia, halafu nitapiga magoti ikibidi.

Mkaguzi akaja, akajaza kichupa, akaenda zake. Siku ya arobaini na mbili, asubuhi, Injinia Mirna akashuka kwenye pikipiki na bahasha. Mafuta safi. Hakuna hata chembe. Jina la Ña Nicasia linabaki. Alimkumbatia yule binti mpaka kofia ya baba ikaanguka, akakimbilia ndani kumkatia chipa ya moto, ule mkate wao wa jibini.

Mirna alipokwenda kutazama msafara kwa mara ya mwisho, aliacha daftari lake mezani. Ña Nicasia akalifungua, alitaka tu kuziona hesabu zake zilivyopangwa na mtu aliyesoma. Hesabu zilikuwa kushoto. Kulia injinia aliandika mambo mengine ya siku. Jumamosi, siku moja baada ya ile chupa, paliandikwa hivi:

"Karai Policarpo amefika ofisini kabla hatujafungua. Ameuliza kama inzi hawa hutaga ndani ya binadamu. Nimemwambia hata wakitaka hawawezi. Ameomba nisimwambie Ña Nicasia kwamba amekuja. Ametoka akicheka, nimemsikia mpaka kituo cha basi."

Ña Nicasia alisoma mara mbili. Akakaa kwenye rundo la kuni. Siku arobaini na moja. Wosia. Jeneza fupi. Yeye aliyempumbaza karani wa serikali, amelizwa jikoni kwake na mtu asiyejua hata kusimulia kisa. Alikasirika hasa, uso ukamwaka. Aliinuka avuke ua akampe vidonge vyake, kisha akakaa tena. Mtu yule alijua kichwa chake ni kizima, na bomba hakulidai. Alikuwa na mawaridi ya mkewe ya kulipizia kisasi, na kila siku alikuja akainamisha kichwa kigongwe. Kasirani ikamtoka, akabaki amekaa pale, na uso bado unamwaka.

Saa ya usingizi Karai Policarpo alikuja na kigoda. Amenyoa ndevu, amevaa shati la kanisani. Bomba la manjano lilikuwa kwenye kona ya Ña Nicasia, kuku analalia mayai juu yake. Nyuma ya ua mawaridi ya Brígida yalikuwa na majani mapya, mekundu bado.

"Nimesikia mafuta yako yamepita," alisema.

"Yamepita."

"Nimefurahi, Nicasia." Akavua kofia. "Na wiki sita zimetimia leo. Kwa hiyo ama kidondoke, ama niende zangu."

Akainamisha kichwa akangoja. Ña Nicasia alikiangalia kile kichwa, mvi zake, kovu la zamani juu ya sikio. Akagonga. Akaweka sikio, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko siku zote.

"Bado yumo," akasema.

"Wangapi?"

"Mmoja. Lakini mkaidi."

"Atachukua muda gani kutoka?"

"Nitajuaje? Wewe uje kesho tuone."

"Nitakuja," Policarpo alisema.

Ña Nicasia akajaza maji ya barafu kwenye pembe, akamnyooshea. Karai Policarpo akachungulia kwanza ndani, kisha akatia mdomo akavuta.